Roketi Nyekundu si Fashifashi

Huku kaskazini mwa Unguja, ukitaja roketi kila mtu anakwenda na yake. Mtoto wa skuli anawaza fashifashi, yaani fataki, za usiku wa kuamkia Mapinduzi. Mpishi wa hoteli ya Kendwa anawaza mboga, yale majani yenye ukali wa haradali ambayo wageni hutiliwa kwenye saladi, na ambayo jamaa zetu wenye asili ya Oman huyaita jirjiri wakayala kwa wali na samaki. Bibi aliyejengewa jiko la kuni lenye moshi mdogo atakwambia anapikia roketi. Mzee wa Tunguu atakumbuka Wamarekani, na habari hiyo nitaifikia. Mimi ni baharia. Roketi yangu ni ya kuombea msaada: mrija mnene wa plastiki, urefu wake shubiri na kitu, unaokaa ndani ya sanduku lisiloingia maji nyuma ya chombo, na kila tukitoka tunamuomba Mungu tusiuguse.

Haya nayaandika kwa watu wa nchi kavu zaidi kuliko wa baharini. Roketi yetu hurushwa baharini, lakini wa kuielewa ni mtu aliyeko pwani, na mara nyingi mtu huyo anajua roketi moja tu, ile ya sherehe.

Ilikuwa msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, siku za kiza, hakuna mbaamwezi. Tulitoka Nungwi usiku kwenda Mkoani na saruji, mchele na makreti ya soda. Kutoka ncha ya Nungwi hadi kusini ya Pemba ni karibu kilomita 50 za maji, na anayezivuka wakati wa kusi anajua kuwa mkondo hapo haukai. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma huongezeka nguvu. Taa za Nungwi zilikuwa zimeshazama nusu nyuma yetu, mashine ilipokohoa mara mbili, tatu, ikanyamaza. Fundi akafungua chujio, akakuta maji ndani ya mafuta. Kutia nanga hakukuwa na maana kwa sababu pale hukuti chini. Simu zilikuwa zinashika mtandao na kuuachia, na kila ilipoingia sauti ilikatika kabla hujamaliza kusema mko wapi. Chombo kikaanza kupelekwa, ubavu kwa mawimbi.

Nikamwambia nahodha, mtu mzima wa Tumbatu asiye na maneno mengi, "Nahodha, nilete roketi?"

"Ilete, lakini usiifungue. Kwanza nani atakuona?"

Swali hilo nimelifundisha mpaka leo. Roketi ukiirusha mahali pasipo jicho umeitupa. Tukakaa, kila mmoja anaangalia upande wake, mpaka kijana mmoja akaona taa upande wa magharibi, zimejipanga, zinapanda na kushuka. Walikuwa wavuvi wa dagaa, maana kiza ndio wakati wao. Walikuwa mbali. Nahodha akasema sasa.

Nieleze inavyorushwa, kwa sababu wengi wameibeba miaka na hawajawahi kuiangalia. Zipo za aina tofauti, na kila moja maelekezo yake yamechorwa ubavuni, kwa hiyo yasome mchana, chombo kikiwa dikoni, si usiku mikono inatetemeka. Yetu ilikuwa na vifuniko viwili. Ukikifungua cha chini inadondoka kamba yenye pete. Unasimama upande wa demani, ule upepo unakotokea chomboni, ili cheche zisirudi chomboni, unaunyoosha mkono juu ya kichwa, na mrija unauinamisha kidogo kule upepo unakokwenda. Mtu angedhani auelekeze kwenye upepo, lakini roketi yenyewe ina tabia ya kugeuka kuufuata upepo unakotoka, ndiyo maana unaipunguzia mapema. Mawingu yakiwa chini unailaza zaidi, iwake chini ya wingu isije ikapotea juu yake. Nahodha akavuta. Mlio ulikuwa mfupi na mkali, mkono wake ukarudi chini, ikanuka baruti. Kwa kitambo hatukuona kitu. Kisha juu kabisa ikafunguka taa nyekundu, ikabaki pale, na magunia ya saruji na nyuso zetu zote zikawa nyekundu.

Roketi ya mwavuli, kwa mujibu wa masharti ya kimataifa ya usalama wa meli, lazima ipande si chini ya mita 300, iwake si chini ya sekunde 40, na ishuke polepole ikiwa imebebwa na mwavuli wake mdogo, si zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Mwanga wake ni kandela 30,000, kandela ikiwa kipimo cha nguvu ya mwanga. Urefu huo wa kupanda ndio unaolipiwa pesa. Mtu aliyesimama ndani ya mashua, macho yake mita mbili juu ya maji, upeo wake wa macho unaishia kilomita tano hivi, kwa sababu dunia imejipinda. Taa iliyo juu mita 300 huonekana zaidi ya kilomita 60, hewa ikiwa safi. Ndiyo sababu nikisikia kijana anasema ana tochi ya simu basi inamtosha, namkalisha chini tuzungumze.

Ile ya kwanza ilipokuwa inashuka tukaona kitu upande wa kusini kilichotuvunja moyo. Kwenye ukingo wa bahari, mbali kabisa, vilikuwa vinachanua vinukta vya kijani, buluu, dhahabu na vyekundu pia. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa na harusi ya wageni. Baharia mwenzangu akasema kwa sauti ndogo, "Leo tumeingia kwenye sherehe ya watu."

Nahodha hakujibu. Alingoja dakika chache, akarusha ya pili.

Waliokuja ni wavuvi wa dagaa. Mwenye chombo alikuwa mzee ambaye, kama alivyotusimulia tulipofungwa kamba na kuanza kuvutwa, ya kwanza aliiona kwa pembe ya jicho akaiachia, akidhani ni mambo ya hoteli. Ya pili aliitazama tangu inafunguka hadi inazimika. "Fashifashi hupasuka ikafa," alituambia. "Ile yenu ilining'inia. Na tena ilikuwa upande wa bahari, ambako hakuna hoteli." Akaipima kwa nyota iliyokuwa juu yake, akawaambia vijana wake wapandishe nyavu, wakaja moja kwa moja. Tuliposikia mashine yao nahodha akawasha taa ya mkono, ile isiyopaa, ambayo huwaka dakika moja kwa mwanga wa kandela 15,000. Kazi ya roketi ni kumwita aliye mbali, na kazi ya taa ya mkono ni kumuonesha aliyekwisha kuja kwamba mko hapa hasa. Anayewasha zote pamoja kwa hofu hubaki kizani mwokozi akiwa mita mia tano, anampita.

Siku zilizofuata nilikwenda ufukweni kuuliza, si kwa kugombana na mtu. Mlinzi mmoja kijana akanijibu kwa uaminifu ambao mpaka leo namshukuru. "Kaka, sisi tuliiona. Zote mbili. Wageni walipiga makofi."

Alihuzunika nilipomueleza. Akaniuliza angejuaje, na hapo ndipo kazi yangu ya pili ilipoanza, kwa sababu nilipolitafakari swali lake niliona hakuna aliyewahi kumfundisha. Mabaharia tunafundishwa kurusha. Mtu wa pwani hafundishwi kuona.

Basi nilimwambia hivi, na ndivyo ninavyowaambia wote. Fashifashi huja kwa wingi, rangi mchanganyiko, zinapasuka na kutawanyika, na mlio unakufikia baada ya mwanga. Roketi ya dhiki ni rangi moja, nyekundu, peke yake, juu, haitawanyiki, inakaa na kushuka pole kwa muda wa kusoma Alhamdu kwa utulivu. Zipo pia za aina ya kutoa nyota nyekundu, ambazo kanuni zinataka zirushwe moja moja kwa vipindi vifupi, kwa hiyo hata zile hazifanani na mchafuko wa sherehe. Ukiona moja, usiondoke ulipo. Simama hapohapo, tafuta kitu cha kupimia, mnazi, nguzo, pembe ya paa, taa ya mnara, ujue iliwaka juu ya nini. Kisha ingoja ya pili. Baharia anayejua kazi yake hurusha ya pili baada ya dakika chache ili wewe uhakikishe upande. Halafu piga simu: bwana diko, yaani msimamizi wa mahali vyombo vinapotua, KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, au 112, nambari ya dharura. Waambie saa, rangi, uliposimama wewe na uelekeo. Mwenye redio ya boti aseme kwenye chaneli 16, ambako meli zinasikiliza. Ukiwa na shaka piga vilevile, kwani anayepokea ndiye mwenye kazi ya kuuliza kama kuna hoteli inasherehekea.

Makosa haya si ya watu wa Nungwi peke yao, na hayakufanywa na wasiojua bahari tu. Usiku wa Aprili 14 kuamkia 15, mwaka 1912, Titanic ilipokuwa inazama kwenye Atlantiki ya Kaskazini ilirusha roketi nyeupe. Meli ya Californian ilikuwa imesimama karibu kwa sababu ya barafu. Maofisa wake wa zamu waliziona, wakazihesabu, wakamwarifu nahodha aliyekuwa amelala. Nahodha Stanley Lord akauliza kama ni ishara za kampuni, kwani zama zile meli za kampuni mbalimbali zilirushiana roketi za rangi kujitambulisha usiku. Wakajaribu kuita kwa taa. Mtu wa redio alikuwa amelala, hawakumuamsha mpaka alfajiri. Watu kama 1,500 walikufa. Kila nikisoma habari ile naumia mahali pamoja: roketi zilionekana, tena na mabaharia hasa, lakini zilikuwa na maana nyingi mno vichwani mwao. Leo rangi imewekwa moja. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaitaja nyekundu kuwa ya dhiki, na zinakataza kabisa kuitumia kwa jambo jengine, pamoja na kutumia ishara inayoweza kufananishwa nayo.

Sasa nirudi Tunguu. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa na minazi upande ule, na tulipokuwa wadogo alitusimulia habari za roketi za Wamarekani. Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza, iliyokuwa ikitawala, kuweka mitambo Unguja kwa ajili ya mradi wao wa Mercury, wa kupeleka watu angani. Habari zilipoenea, kilichosikika mitaani ni roketi, na roketi kwa watu waliokuwa wanasikia kila siku habari za mabomu ya nyuklia ilikuwa maana yake kombora. Watu walipinga, wakaandamana. Pale Tunguu hapakuwa na kombora wala chombo cha kupaa. Zilikuwepo antena na redio za kumsikiliza mtu akipita juu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 20, 1962, sauti yake ilipokewa Kano, Nigeria, kisha Unguja, kisha na meli iliyotega sikio Bahari ya Hindi. Aprili 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikafungwa. Siwalaumu wazee wetu. Hawakuulizwa kitu na nchi ilikuwa yao, na asiyeelezwa hujaza mwenyewe. Roketi ya kupaa kweli pwani hii ilikuwa ya Malindi, Kenya, ambako Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini. Desemba 12, 1970 ilirushwa pale setilaiti ya kuchunguza nyota, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Nimeitaja Tunguu kwa sababu babu alikuwa akimalizia kwa kusema hakuna aliyemchukua mwanakijiji mmoja ndani ya uzio akamuonesha. Nilipoanza kuzungumza na watu wa ufukweni nililishika hilo. Sihubiri. Nachukua mrija uliokwisha muda, usiofunguliwa, nauweka mikononi mwa mtu augeuze, asome tarehe, aone picha za ubavuni. Wanawake wa mwani ndio wanaonisikiliza vizuri kuliko wote. Wao wako pwani alfajiri maji yakitoka, macho yao yako baharini kwa saa nyingi, na wanajua kila chombo kilitoka na nani. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliniuliza swali zuri: mchana je, jua kali, ile taa itaonekana? Inaonekana, ila kwa umbali mdogo zaidi. Mchana upo moshi wa rangi ya chungwa, unatupwa majini ukaelea, na hutoka kwa dakika tatu au zaidi. Kwa hiyo moshi wa chungwa juu ya maji, mama, usidhani mtu anachoma takataka.

Na wasio nacho chochote? Wengi wa ndugu zetu wa ngalawa hawana. Roketi ni ghali, na muda wake hufa, kwa kawaida miaka mitatu au minne tangu kutengenezwa, ukanunue nyengine. Hilo nalijua na sitamwambia mvuvi wa pweza eti ananunua simu kubwa anashindwa kununua roketi. Lakini kanuni zilezile za 1972 zinatambua ishara zisizogharimu kitu: kunyoosha mikono yote miwili pembeni, ukaipandisha na kuishusha polepole, tena na tena; moto unaowaka ndani ya chombo, kama pipa lenye mafuta; na kupiga honi bila kukatiza. Mtu anayepungia mkono mmoja kwa haraka anasalimu. Anayeinua na kushusha miwili polepole anaomba msaada. Waongozaji wa watalii na vijana wa boti za kuzamia wanapaswa kulijua hili kabla hata ya kujua majina ya samaki.

Lipo jambo moja linaloniudhi, nalisema wazi. Zipo boti ambazo roketi zake zikifa muda hazirudishwi kwenye mamlaka wala kwa muuzaji, bali husubiriwa usiku wa mwaka mpya au wa Mapinduzi zikarushwa kwa furaha. Wanaona hasara kutupa. Kila anayefanya hivyo anawafundisha watu elfu wa pwani kwamba nyekundu inayoning'inia ni sherehe, na somo hilo analipia mwengine usiku mwengine. Mwaka 2011, Septemba 10, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi na watu wa boti za Nungwi waliingia baharini kutafuta watu. Sisi wa kaskazini tunajua vizuri bahari hii inaweza kufanya nini usiku mmoja. Hatuna haki ya kuchezea ishara hii.

Mambo yameanza kusogea. Yule mlinzi sasa ana watu chini yake, na kila mpya anapewa maelezo usiku wa kwanza wa zamu. Hoteli ile iliyokuwa na harusi humpigia bwana diko kabla ya kurusha fashifashi, wakamwambia saa ya kuanza na kumaliza, na yeye huwaarifu manahodha wanaotoka. Nyengine mbili zimeiga. Ninachowaomba wanaobaki ni simu hiyo tu, na tena wanaponunua fashifashi wakatae zile nyekundu zenye mwavuli. Zipo dukani, zinapendeza, na kwa mtu aliyeko ufukweni hazina tofauti na ile aliyoirusha nahodha wetu.